Kuachishwa na Kupunguzwa Kazini Tanzania Bara: Nani Mwenye Mamlaka ya Kusikiliza Mgogoro Wako

Wakili wa mwajiri anaposimama mbele ya mwamuzi na kusema kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo ambako migogoro ya kazi huanzia, haina mamlaka ya kusikiliza mgogoro uliopo mezani, mambo mengine yote husimama. Haijadiliwi tena kama mfanyakazi alisikilizwa kabla ya kufukuzwa, kama tuhuma zilithibitishwa, wala kama mshahara wa mwezi wa mwisho ulilipwa. Kinachotakiwa kuamuliwa kwanza ni kama chombo kile kina uwezo wa kisheria wa kulisikiliza shauri lile, na jibu likiwa hapana, mfanyakazi hutoka pale bila kuulizwa hata swali moja kuhusu dhuluma anayoilalamikia.

Ukali wa kanuni hii una sababu yake. Mamlaka ya mahakama na mabaraza ya nchi yetu hutoka kwenye sheria iliyotungwa, hayatoki kwenye ridhaa ya wadaawa, yaani pande mbili za shauri. Mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana kwa moyo mmoja wasikilizwe na chombo kisicho na mamlaka, makubaliano yao hayaongezi kitu. Tena hoja ya mamlaka haina muda wa kuchelewa: inaweza kuibuliwa siku ya kwanza mbele ya msuluhishi, na inaweza kuibuliwa kwa mara ya kwanza katika Mahakama ya Rufani, hata na majaji wenyewe bila kuombwa na upande wowote. Ndiyo maana yapo mashauri ya kazi yaliyopita ngazi zote, mfanyakazi akishinda ngazi mbili za chini, kisha mwenendo mzima ukafutwa kwa sababu shauri lilianzia mahali pasipostahili.

Sheria mbili ndizo zinazoamua nani asikilize nini kwa upande wa Tanzania Bara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, na Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004. Zanzibar ina sheria zake za mwaka 2005 na Mahakama yake ya Kazi, kwa hiyo yanayoelezwa hapa hayahusu ajira za Unguja na Pemba. Kabla ya sheria hizi, chini ya sheria ya usalama wa ajira ya mwaka 1964, mahakama za kawaida zilizuiwa kusikiliza malalamiko ya mfanyakazi aliyefukuzwa papo hapo, na mambo hayo yakabaki mikononi mwa mabaraza ya usuluhishi na waziri. Mfumo wa 2004 uliujenga upya utaratibu huo kwa kuweka ngazi tatu: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, kisha Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Vifungu vitakavyotajwa ni kwa namba za sheria ilivyotungwa mwaka 2004. Kwa kuwa sheria zetu hurekebishwa na kuchapwa upya, ni vyema kulinganisha namba hizo na toleo linalotumika sasa.

Wewe ni mfanyakazi wa nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo lililowaumiza watu wengi katika miaka ya karibuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, katika kifungu cha 2, inasema inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara wakiwemo wa utumishi wa umma, lakini inawaondoa walio katika Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari aliyefukuzwa hana njia ya Tume hata kidogo. Ana taratibu za jeshi lake, na zikiisha, anaweza kuiomba Mahakama Kuu ifanye mapitio ya kimahakama ya uamuzi uliomwondoa.

Kwa mtumishi wa umma wa kiraia, hali ilikuwa tofauti hadi mwaka 2016. Mhasibu wa shirika la umma au dereva wa halmashauri aliweza kwenda Tume moja kwa moja, na wengi walifanya hivyo. Mwaka huo Bunge likaongeza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza nafuu zote zilizomo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu zilizomo katika sheria za kazi. Nafuu hizo ni rufaa: kutoka kwa mamlaka ya nidhamu kwenda Tume ya Utumishi wa Umma, na kutoka hapo kwenda kwa Rais. Walimu wa shule za umma nao wana Tume ya Utumishi wa Walimu, nao lazima waanzie huko.

Hoja ilibaki kwa waajiriwa wa mashirika ya umma yanayofanya biashara. Walijiona kama wafanyakazi wa kampuni nyingine yoyote: wana mikataba ya kawaida, wana vyama vya wafanyakazi, wanachangia mfuko wa hifadhi ya jamii, na barua zao za ajira hazitaji utumishi wa umma popote. Mwaka 2022, katika rufaa iliyohusu Shirika la Posta Tanzania na aliyekuwa mwajiriwa wake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba mwajiriwa wa shirika la namna hiyo ni mtumishi wa umma, na kwamba CMA haikuwa na mamlaka ya kusikiliza malalamiko yake ya kuachishwa kazi. Tangu hapo, pingamizi la awali lenye hoja hiyo limekuwa jambo la kila siku katika mashauri dhidi ya mashirika na taasisi za umma.

Nadhani ni haki kusema kwamba uamuzi ule umeacha mzigo mzito kwa watu wasiostahili kuubeba. Maneno ya kifungu cha 32A ni “kabla ya”, na neno hilo kwa maana yake ya kawaida humaanisha kwamba baada ya rufaa za ndani kuisha, njia ya sheria za kazi ingali wazi. Lakini lugha ya Mahakama ya Rufani ilielekea kuyaweka mashauri hayo ndani ya mamlaka ya Tume ya Utumishi wa Umma na Rais peke yao, na kwa mtu aliyefika kwa Rais akashindwa, njia yenye mashaka machache ni kuomba mapitio ya kimahakama. Mapitio hayo huangalia zaidi kama utaratibu ulifuatwa na kama mamlaka ya uamuzi yalikuwepo. Hayarudii kupima ushahidi wa tuhuma kama mwamuzi wa CMA anavyofanya. Ulinzi anaoupata mhudumu wa hoteli binafsi na ule anaoupata karani wa shirika la umma haulingani, ingawa wote wawili wamepoteza mkate kwa namna ileile. Hadi Bunge litakapoliangalia upya jambo hili, ushauri wa pekee ulio salama ni huu: anayefanya kazi katika taasisi ya umma ya aina yoyote aanze na rufaa za ndani, azingatie muda wake, na ahifadhi nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Unalalamikia nini hasa?

Swali la pili linahusu aina ya dai. Watu husema “nimefukuzwa kinyume cha sheria” kwa kila tukio la kupoteza kazi, wakati sheria inatenganisha mambo mawili. La kwanza ni uachishaji usio wa haki, ambao msingi wake ni kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini: mwajiri awe na sababu halali na awe amefuata utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko kwake. La pili ni uvunjaji wa mkataba au wa haki nyingine ya kisheria, kama kutolipwa notisi, likizo au mishahara iliyobaki.

Tofauti hii inagusa mamlaka moja kwa moja. Kifungu cha 35 kinamnyima ulinzi wa uachishaji usio wa haki mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri yuleyule, hata kama ndani ya muda huo alipewa mikataba zaidi ya mmoja. Mahakama ya Rufani imeshasema pia kwamba aliye katika kipindi cha majaribio hawezi kudai chini ya kifungu cha 37. Na mwenye mkataba wa kipindi maalumu ambao umefika mwisho wake hajaachishwa kazi. Mkataba umekwisha wenyewe, isipokuwa aonyeshe kwamba mwajiri alimpa sababu za msingi za kutarajia kuongezewa. Mkataba huo ukikatishwa katikati, hoja inayosimama vizuri zaidi ni ya uvunjaji wa mkataba, na kinachodaiwa kwa kawaida ni mishahara ya muda uliokuwa umebaki.

Yote haya hukutana kwenye karatasi moja: fomu ya kuwasilisha mgogoro, yaani CMA Fomu Namba 1. Ndani yake ipo Sehemu B, iliyotengwa kwa migogoro ya kuachishwa kazi tu, ambapo mlalamikaji huulizwa kwa nini anaona sababu haikuwa ya haki na kwa nini anaona utaratibu haukuwa wa haki. Mlalamikaji wa miezi 4 kazini, au mwenye mkataba wa mwaka mmoja uliokatishwa, mara nyingi huijaza sehemu hiyo kwa sababu ipo na ina nafasi tupu. Baadaye, mbele ya mwamuzi, anaongozwa kuzungumzia uvunjaji wa mkataba, na upande wa pili unasimama kusema kwamba fomu inasema jingine. Mahakama zimekuwa na msimamo mkali kwamba wadaawa hufungwa na yale waliyoyaandika kwenye fomu hiyo, sawa na hati ya madai katika mahakama ya kawaida. Fomu hiyo haistahili kujazwa kwa haraka juu ya meza ya mapokezi huku foleni ikisubiri nyuma.

Kuhusu ukubwa wa dai, malalamiko ya uhalali wa kuachishwa kazi hayana kikomo cha fedha mbele ya mwamuzi. Kikomo kipo kwa madai mengine ya uvunjaji wa sheria za kazi au mkataba: yakifikia kiwango cha fedha cha Mahakama Kuu, huenda Divisheni ya Kazi baada ya kupita kwenye usuluhishi. Hata huko, kifungu cha 94 kinairuhusu Mahakama kukataa kusikiliza lalamiko ambalo halijapelekwa kwanza kwenye usuluhishi wa Tume.

Kupunguzwa kazini kuna nafasi mbili za kulalamika

Kampuni inapofunga tawi, inaponunua mashine zinazochukua nafasi ya watu, au inapounganisha idara mbili kuwa moja, hutumia sababu ambazo sheria inaziita mahitaji ya kiuendeshaji, ziwe za kiuchumi, za kiteknolojia au za kimuundo. Hapa mfanyakazi hana kosa lolote, na ndiyo maana kifungu cha 38 kinamwekea mwajiri masharti ya kabla ya tukio. Lazima atoe taarifa ya kusudio mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, atoe taarifa zote muhimu ili mazungumzo yawe na maana, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa, au kama hakipo, na wafanyakazi wenyewe. Mashauriano hayo ni kuhusu sababu za upunguzaji, hatua za kuuepuka au kuupunguza, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati wa kuutekeleza, na malipo ya kuachishwa.

Kinachosahaulika ni kwamba kifungu hichohicho kinasema mashauriano yakishindwa kufikia makubaliano, jambo lipelekwe kwenye usuluhishi wa Tume. Maana yake ni kwamba Tume ina mamlaka juu ya upunguzaji hata kabla ya mtu yeyote kukabidhiwa barua. Mwajiri aliyefanya kikao kimoja cha saa moja, akasoma orodha ya majina, akatangaza kwamba barua zitatoka Ijumaa, hajashauriana, ametoa taarifa. Wafanyakazi waliokataa orodha ile katika kikao, na kukataa kwao kukaandikwa kwenye muhtasari, wana haki ya kudai kwamba mgogoro uende kwa msuluhishi wakati ajira zao zingali hai. Nafasi hii ina thamani kubwa kuliko ile ya baadaye, kwa sababu kuzuia kosa lisitendeke ni rahisi kuliko kurudishwa kazini kwenye idara iliyokwisha kufutwa. Inasikitisha kwamba haitumiki sana.

Nafasi ya pili huja baada ya barua. Sasa lalamiko ni la uachishaji usio wa haki kama mengine, na mwamuzi hupima kama sababu ya kiuendeshaji ilikuwa ya kweli na kama kifungu cha 38 kilifuatwa. Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 42, zinataka sababu hizo zichunguzwe kwa makini, ili kuhakikisha kwamba mwajiri alizingatia njia zote mbadala kabla ya kuachisha. Mwajiri aliyempunguza mhasibu mwezi wa Machi na kuajiri mhasibu mwingine mwezi wa Mei atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza.

Kuna mtego mmoja ambao unastahili kutajwa peke yake. Mara nyingi wafanyakazi huitwa mmoja mmoja kusaini makubaliano ya kuondoka na kupokea hundi. Aliyesaini kwa hiari, akijua anachosaini, hufungwa na saini yake. Si rahisi kurudi Tume kudai kwamba hakushauriwa, kwa kuwa kifungu cha 38 kinazungumzia kushindwa kukubaliana, na yeye alikubali. Kabla ya kusaini, mfanyakazi aijue hesabu ya chini ambayo sheria inamhakikishia. Malipo ya kuachishwa chini ya kifungu cha 42 ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi 10. Aliyefanya kazi miaka 14 atapata siku 70, wala si 98. Notisi, likizo ambayo haijachukuliwa, mishahara iliyobaki, cheti cha utumishi na nauli ya kurudi alikoajiriwa ni vitu vingine kabisa, na hundi inayoitwa “mafao yote” yafaa ichambuliwe kitu kwa kitu.

Muda na mahali

Chombo chenye mamlaka hukosa mamlaka muda ukipita. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Namba 64 la 2007, zinatoa siku 30 kwa mgogoro wa uhalali wa kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine yote. Siku 30 huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa, au tarehe ambayo mwajiri alitoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uachishaji, mathalani baada ya rufaa ya ndani ya kampuni.

Kutokana na hesabu hizi mbili, barua moja inaweza kuzaa tarehe mbili za mwisho. Aliyeachishwa tarehe 1 Juni bila kulipwa mshahara wa Mei anayo hadi tarehe 1 Julai kupinga kuachishwa kwenyewe, na mwezi mwingine zaidi kudai mshahara wake. Akifika Tume tarehe 10 Julai, dai la mshahara lingali ndani ya muda lakini la kuachishwa limekwisha kupotea, isipokuwa aombe kwanza kusamehewa ucheleweshaji. Ombi hilo hutaka sababu za msingi na maelezo ya siku zote za kuchelewa. Kusema kwamba alikuwa akizungumza na meneja rasilimali watu ili wamalizane kirafiki kwa kawaida hakutoshi, na waajiri wanaojua hilo huyarefusha mazungumzo hadi mwezi uishe.

Kuhusu mahali, mgogoro hupelekwa kwenye ofisi ya Tume ya eneo ambako chanzo cha mgogoro kilitokea, isipokuwa Tume ielekeze vinginevyo. Dereva aliyefanya kazi na kuachishwa Mwanza hafungui mgogoro Dar es Salaam kwa sababu tu makao makuu ya kampuni yako huko.

Baada ya tuzo

Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, msuluhishi hutoa hati ya kutofikia suluhu, na lalamiko la kuachishwa huenda kwa mwamuzi, ambaye husikiliza ushahidi na kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa shauri. Asiyeridhika hakati rufaa. Anaomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya, Divisheni ya Kazi ndani ya wiki 6 tangu alipokabidhiwa tuzo. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani, Sheria ya Taasisi za Kazi inaruhusu hoja za sheria tu. Ubishi juu ya nani alisema nini kwenye kikao cha nidhamu unaishia Mahakama Kuu, lakini hoja ya mamlaka, kwa kuwa ni ya sheria, inasafiri hadi mwisho.

Kwa ambaye shauri lake limeondolewa kwa kukosa mamlaka, yote hayajapotea. Kuondolewa kwa sababu hiyo hakumaanishi kwamba dai limeamuliwa, kwa hiyo linaweza kupelekwa kwenye chombo sahihi kwa ombi la kuongezewa muda. Mahakama ya Rufani, tangu uamuzi wake wa mwaka 1997, imetenganisha kuchelewa kwa uzembe na kuchelewa kwa kiufundi, yaani muda uliotumika kwa nia njema kuendesha shauri lililoonekana baadaye kuwa na kasoro. Muda huo wa pili husamehewa, kwa sharti kwamba mwombaji alichukua hatua mara tu uamuzi uliposomwa. Aombe nakala ya uamuzi siku hiyohiyo kwa barua, aipeleke na mwenendo wa shauri la awali kama kielelezo, na aeleze kila siku iliyopita kati ya kusomwa kwa uamuzi na kuwasilishwa kwa ombi lake jipya.